Jenereta au pampu ya petroli imegoma? Pitia huku kwanza kabla hujafungua kabureta

Injini ndogo za petroli tulizonazo, nazungumzia hizi za jenereta za saluni na maduka, pampu za inchi 2 na inchi 3 za kumwagilia, mashine za kuchanganya zege na kadhalika, nyingi ni ukoo mmoja. Ya kuigwa ni Honda GX160 ya cc 163, halafu zipo kopi za Kichina za kila rangi na kila jina, spea nyingi zinaingiliana kabisa. Kwahiyo ukishaielewa moja, ya jirani haikusumbui. Tofauti kubwa ni vile vijenereta vidogo vya wati 650 vya kuchanganya oili na petroli, hivyo nitavigusa mbele kidogo.

Shida yetu huwa tunaanzia mwisho. Mashine imegoma, kamba imevutwa mpaka bega limelegea, mtu anachukua bisibisi anaenda moja kwa moja kwenye kabureta (ile inayochanganya petroli na hewa), anafungua skrubu zote anazoziona, na kumbe swichi ilikuwa ofu au koki ya petroli imefungwa. Sasa hapo ulikuwa na tatizo moja la bure, umeshatengeneza mengine mawili ya kulipia. Utaratibu wangu ni huu na sibadilishi: petroli, moto (yaani cheche ya plagi), hewa, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Kwa mpangilio huohuo, na unaanza na vile ambavyo havihitaji spana.

Ila kabla ya hapo kuna mambo ya kufa na kupona, usiyaruke.

KABLA HUJASHIKA KITU

Chomoa waya wa plagi kila unapotaka kuingiza mkono kwenye mashine, na uuweke mbali na plagi. Ukizungusha impela (panga la ndani ya pampu) au flaiwili (gurudumu zito la injini lenye sumaku) kwa mkono huku plagi imeunganishwa injini inaweza kushtuka ikawaka, na vidole havina spea.

Usijaze petroli injini ikiwa ya moto. Zima, subiri angalau dakika kumi na tano ipoe, ndio umimine. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini chini sakafuni mpaka unakutana na jiko la mkaa au mtu anavuta sigara, na wewe uko pale na kidumu mkononi. Watu wanaangalia moto ulio karibu na tangi tu, wanasahau ule wa chini. Na ile ya kujaza usiku huku unamulika na mshumaa au kiberiti sijui hata niseme nini.

Halafu moshi. Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapokufa kweli. Moshi wa injini ya petroli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, unachonusa ni vitu vingine vilivyomo kwenye moshi, yenyewe huinusi. Inakamata damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwahiyo unapumua vizuri tu lakini mwili haupati hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuishiwa nguvu, na mtu anadhani ni malaria au uchovu wa kazi, anajilaza apumzike hapohapo ndani na hiyo inakuwa mwisho. Kufungua dirisha hakutoshi. Kuiweka barazani au kwenye korido hakutoshi. Iwe nje kabisa, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, na bomba la moshi liangalie upande usio na mlango wala dirisha.

Najua kwanini watu wanaiingiza ndani, ni wezi. Na mvua. Sasa chomelea kibanda cha nondo kilicho wazi pande zote chenye bati juu, piga mnyororo na kufuli, hiyo hela utaitoa mara moja. Mwenye saluni anayewasha jenereta chooni ili isiibiwe anatakiwa aambiwe na wateja wake, maana na wao wanaivuta hiyo hewa. Mtu akianza kulegea mtoe nje kwenye hewa safi haraka na umpeleke hospitali, na wewe usikae mule ndani kumsubiri apate nafuu.

Haya, twende kwenye dalili.

UNAVUTA KAMBA, HAIWAKI KABISA

Swichi iko oni? Koki ya petroli iko wazi? Tangini kuna petroli ya maana, sio ile iliyobaki kwenye kona? Choki, ile ya kubana hewa, umeivuta kama injini ni ya baridi? Maswali ya kijinga lakini yanatibu mashine nyingi tu.

La tano watu wengi hawalijui: oili. Injini nyingi za aina hii zina sensa ya oili ndani, oili ikipungua inakata moto na utavuta mpaka jioni. Weka mashine sehemu iliyo tambarare, fungua kifuniko cha oili, oili inatakiwa ifike usawa wa mdomo wa tundu. GX160 inakula kama lita 0.6, yaani haifiki hata lita moja, ndio maana ikipungua kidogo tu ishakuwa shida. Hii sensa ndio inawatesa wakulima wenye pampu pembeni ya mto, mfano kule Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, pampu imewekwa kwenye mteremko wa ukingo, oili imehamia upande mmoja, sensa inaona patupu inazima. Mtu anabeba pampu mpaka kwa fundi, kwa fundi sakafu ni sawa, inawaka pu. Anarudi nayo shambani inagoma tena. Chimba kidogo, weka ubao au mawe, pampu ikae sawa, kesi imeisha.

Kama yote yako vizuri sasa angalia petroli inafika. Funga koki, weka kikombe chini ya kabureta, legeza ile bolti ya chini ya bakuli la kabureta, halafu fungua koki. Petroli itoke mfululizo. Ikidondoka kwa matone au isitoke basi kuna uchafu kwenye koki au chujio lake dogo, au tundu la kifuniko cha tangi limeziba.

Ile petroli iliyotoka usiimwage. Iweke kwenye glasi, iache itulie, uiangalie kwa mwanga wa mchana. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini kama mapovu au ushanga unaoteleza ukiinamisha glasi. Ukiona hivyo huna haja ya kutafuta zaidi, mwaga petroli yote ya tangini na ya kabureta (sio mtaroni tafadhali), anza upya na petroli nyingine. Mafuta ya taa sasa ndio hayajitengi, yanachanganyika kabisa. Kwa hayo dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe kavu, petroli safi inakauka haraka na haiachi alama, ukibaki na doa la mafuta mafuta basi umechakachuliwa. EWURA, wasimamizi wa nishati na maji Tanzania, walianza kuweka vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya mambo hayahaya ya uchakachuaji na hiyo inasaidia kwenye vituo, lakini petroli ya kwenye chupa ya barabarani imeshapita mikono mingapi hakuna anayejua.

Petroli ya zamani nayo ni ugonjwa. Ikikaa mwezi na zaidi kwenye tangi, hasa joto la Dar au Mombasa, inapoteza ile nguvu ya kuwaka haraka na inaanza kuacha gundi kwenye kabureta. Harufu yake inabadilika, inanuka kama rangi ya mafuta iliyochacha. Hiyo haiwashi injini ya baridi hata ukilia.

PETROLI IPO, BADO HAIWAKI: SASA NDIO PLAGI

Fungua plagi kwa spana yake, sio koleo, ile kauri nyeupe ikipata ufa huwezi kuuona lakini moto utapitia hapo. Ukiishika mkononi plagi inakusimulia. Ikiwa imelowa petroli basi umeivuta na choki mpaka imezama, ifute, ikauke, acha tundu wazi dakika kadhaa, rudisha, washa bila choki. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria, petroli ni nyingi kuliko hewa, kachunguze eakilina (chujio la hewa) na choki. Nyeusi yenye mafuta mafuta, oili inapanda juu. Nyeupe imechomeka, injini inapata hewa nyingi petroli kidogo, inachemka hiyo. Rangi ya kahawia hafifu kama chai ya maziwa ndiyo nzuri, ifunge huna ugomvi nayo.

Mwanya wake uwe milimita 0.7 mpaka 0.8. Isugue kwa brashi ya waya au msasa laini, usiipige mchanga kwenye mashine, punje zinabaki ndani zinaenda kukwaruza silinda.

Kupima moto: watu wanachomoa plagi, wanaigusisha kwenye injini pembeni ya tundu lake wanavuta kamba. Tundu linatema mvuke wa petroli, plagi inatoa cheche hapohapo. Umejichoma uso kwa bei ya plagi moja. Fanya hivi, tumia plagi nyingine ya kupimia, ile ya kwenye injini iache mahali pake imeziba tundu. Vika plagi ya kupimia kofia ya waya, gusisha mwili wake kwenye chuma kitupu cha injini mbali na tangi, ishike kwa koleo lenye mpira, mwenzako avute kamba. Cheche iwe ya bluu na yenye mlio. Ikiwa ya rangi ya chungwa dhaifu dhaifu, au hakuna kabisa, chomoa waya wa sensa ya oili (baada ya kuhakikisha oili ipo) ujaribu tena, halafu chomoa na ule waya mwembamba unaotoka kwenye koili (inayotengeneza moto wa plagi) kwenda kwenye swichi. Moto ukirudi, tatizo ni swichi au sensa. Usiporudi, ni koili, au mwanya kati ya koili na flaiwili, pale pakae kama milimita 0.4, au sumaku imeota kutu. Kumbuka kurudisha hizo waya, bila waya ya swichi injini haizimiki.

INAWAKA IKIWA BARIDI, IKIPATA MOTO INAZIMA NA KUGOMA

Huu ndio ugonjwa unaomaliza hela za watu kwa sababu ukifika kwa fundi imeshapoa na inawaka vizuri tu.

Ikizima baada ya muda fulani hivi, legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia kama pumzi imeingia, fyuu, na ukivuta inawaka, basi lile tundu la kupumulia kwenye kifuniko limeziba, petroli ikishuka inaacha ombwe tangini mpaka inashindwa kushuka. Safisha tundu. Kuna watu wamebadilishiwa kabureta nzima kwa hilo.

Kama sio kifuniko, pima moto palepale ilipozima, usisubiri. Koili ikizeeka waya zake za ndani zinaachana zikipata joto na zinaungana tena zikipoa. Hakuna dawa ni kubadilisha. Cheche ikiwepo, basi nenda kwenye valvu, tapeti zikikaza sana, yaani mwanya wa valvu ukiwa mdogo, valvu ikitanuka kwa joto haifungi sawasawa na kompresheni inakimbia. Kwa GX160 mwanya huo ni milimita 0.15 upande wa kuingiza na 0.20 upande wa moshi, inapimwa injini ikiwa ya baridi, pistoni iko juu kwenye kompresheni, kwa fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Fundi anayekwambia anapima kwa kusikiliza mlio mwache na mlio wake.

INAPANDA NA KUSHUKA YENYEWE, VUUU-VUU-VUUU

Karibu kila mara ni jeti, vile vipande vya shaba ndani ya kabureta vyenye tundu la kupitisha petroli. Ile pailoti jeti ina katundu kadogo sana, gundi ya petroli ya zamani inakaziba nusu, injini inakosa petroli, gavana (inayorekebisha mwendo wa injini) inafungua, inazidi, inafunga, mchezo unaendelea. Ishara ni kwamba ukivuta choki nusu inatulia.

Hapo sasa ndio unafungua kabureta kwa haki. Funga koki, toa bakuli, toa jeti, ziangalie ukizielekeza juani, uone mwanga mviringo unapita. Usitumie sindano wala waya wa breki kuzibua, shaba ya jeti ni laini, ukilipanua tundu kidogo tu mashine itakula petroli na kutoa moshi mweusi milele. Chukua uzi mmoja wa waya laini wa umeme, ule wa shaba wa kwenye fleksi, pitisha taratibu, halafu puliza kwa upepo wa kompresa huku umevaa miwani. Kupuliza au kunyonya kwa mdomo mafundi wengi wanafanya, mimi naomba uache, petroli ikiingia kwenye mapafu hata kidogo ni kulazwa. Na hiyo ni pamoja na kunyonya kwa mpira kutoka kwenye tangi.

Jeti zikiwa safi na bado inayumba, kagua gasketi kati ya kabureta na injini, hewa inaingia kwa wizi. Usitie silikoni kule, petroli inaila na vipande vinaenda kwenye jeti, tia gasketi mpya.

Na gavana usiiguse. Narudia. Kuna mtindo wa kufunga gavana na waya ili jenereta "iwe na nguvu". Jenereta hizi nyingi zinatakiwa zizunguke mara 3,000 kwa dakika ili zitoe hezi 50, ukizidisha unapandisha volti, tivi na friji ndio zinakuwa za kwanza kulipa, na konrodi (mkono wa pistoni) inaweza kukatika ikatoboa bloku.

MOSHI

Mweusi: hewa haitoshi. Eakilina imejaa vumbi, au choki imesahaulika. Ya sponji inafuliwa kwa sabuni na maji, inakaushwa kabisa, inadondoshewa oili kidogo na kukamuliwa vizuri. Ya karatasi haifuliwi, inagongwagongwa tu, ikizidi uchafu ni mpya. Isafishe kila saa 50 za kazi kwa kawaida, ila kwenye vumbi la mashine ya kusaga au barabara ya udongo angalia kila siku. Kuendesha bila eakilina "ili ipate hewa" ni kuilisha silinda mchanga.

Wa bluu au mweupe unaonuka oili: oili imezidi, au mashine ililazwa. Pampu ikibebwa kwenye bodaboda imelala, oili inapita inaingia kwenye silinda na eakilina, ikifika shamba inafukiza kijiji kizima dakika kumi halafu inaacha. Hiyo sio mbovu. Ikiendelea siku zote na oili inapungua, ringi au valvu zimekwisha, fundi huyo.

KAMBA HAIVUTIKI, AU INAKURUDISHA MKONO

Imekaza kama imechomelewa, na jana ilikuwa nzima? Kabla hujasema imenoki (imejamu), toa plagi halafu vuta taratibu. Ikivutika, silinda ilijaa oili au petroli. Simama pembeni maana itatema, na kusiwe na moto wowote karibu. Kama ni petroli, chungulia na oili, ikiwa imepanda juu ya kiwango na inanuka petroli basi nidili ya floti (kisindano kinachozuia petroli kwenye kabureta) haifungi na petroli imeshuka usiku kucha mpaka kwenye oili. Usiwashe hivyo, oili iliyochanganyika na petroli hailainishi kitu. Tengeneza floti, mwaga oili, weka mpya. Na jifunze kufunga koki kila unapozima na kila unaposafirisha.

Plagi imetoka na bado haizunguki, hapo imejamu kweli, mara nyingi imeendeshwa bila oili. Kwa vijenereta vya kuchanganya, imewekewa petroli tupu. Vingi vinataka 1 kwa 50, yaani mililita 20 za oili ya tuu-stroki kwa kila lita, lita 5 ni mililita 100, pima kwa kifuniko au sirinji usikadirie kwa macho, na kama lebo ya mashine yako inasema tofauti fuata lebo. Changanya kwenye kidumu utikise, sio tangini. Na ile kubwa ya foo-stroki usiichanganyie oili kwenye petroli, ina oili yake chini.

Kamba ikikupiga mkono kwa nguvu kurudi nyuma, au injini inapiga mabomu kwenye kabureta, angalia kii ya flaiwili, kile kichuma kidogo kinachoshikilia flaiwili na kranki. Kikikatwa kidogo tu, cheche inakuja wakati sio wake. Kinakatwa mashine ikigota ghafla. Ni cha bei rahisi, kuvua flaiwili ndio kazi, tumia pula, usiipige nyundo.

INJINI INANGURUMA LAKINI KAZI HAIFANYI

Pampu kwanza. Injini safi, maji hayaji. Pampu ikiwa kavu hainyonyi, lazima uijaze maji tumboni kabla ya kuwasha. Kisha kagua mpira wa kunyonyea, tundu dogo la sindano au klipu iliyolegea inatosha kuharibu kila kitu, hewa ndio rahisi kunyonywa kuliko maji. Usitumie mpira laini upande wa kunyonya, unajibana wenyewe. Halafu urefu: kutoka usawa wa maji mpaka pampu, kinadharia kwenye usawa wa bahari ni mita 10.3, kiuhalisia 7 au 8, na ukipanda juu inapungua. Mbeya iko juu mita 1,700 hivi, kule kaa kwenye mita 6 ukitaka amani. Injini yenyewe pia inapoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kila mita 300 unazopanda, kwahiyo pampu ileile iliyokuwa inatamba Bagamoyo ikifika Mbeya imepungukiwa karibu moja ya tano, usimlaumu aliyekuuzia. Na usiiache inazunguka kavu "ili ivute", ile sili ya nyuma ya impela inapozwa na maji yenyewe, dakika chache tu za ukavu inaungua, maji yanaanza kuchuruzika kati ya pampu na injini.

Jenereta sasa. Inanguruma, umeme hamna. Rudisha breka kwanza. Chomoa vitu vyote ujaribu na taa moja. Kama hakuna kitu ni kapasita, AVR (kirekebisha volti) au brashi, na hapo ndipo mimi nakwambia ipeleke kwa fundi wa umeme, kapasita inaweza kushika chaji hata mashine ikiwa imezimwa. Ikizima kila ukiwasha friji au pasi, sio ugonjwa, umeizidishia mzigo, na mota kama ya friji inataka nguvu mara kadhaa wakati wa kuanza.

Na kuna kile kiwaya chenye plagi dume pande zote mbili, cha kuchomeka kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima ipate. Kichome moto leo hii. Umeme wako unatoka kwenye mita unaenda mpaka transfoma, na transfoma haijui mbele wala nyuma, inaupandisha mpaka kilovolti 11 au 33 kwenye laini ambayo fundi wa TANESCO amepanda akijua imezimwa. Funga chenji ova, ile swichi ya kuchagua TANESCO au jenereta.

OILI NA KUHIFADHI

Injini mpya, oili ya kwanza mwaga baada ya saa 20 za kazi, baada ya hapo kila saa 100 au miezi 6. Kitabu cha GX160 kinasema 10W-30. Mwaga injini ikiwa ya vuguvugu, uchafu unatoka nao. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, mwaga yote hata kama ni ya jana. Oili chafu usimwage mtoni, na wewe ndiye unayemwagilia na hayo maji.

Msimu ukiisha, pampu haina kazi miezi mitatu minne, funga koki uiache iungurume mpaka izime yenyewe, kisha toa bolti ya bakuli imalize matone, mwaga na ya tangini. Toa plagi, dondosha kijiko kimoja cha oili, vuta kamba taratibu, rudisha plagi, vuta mpaka uhisi inagoma uiache hapo, valvu zote zimefunga unyevu hauingii. Pampu zungusha maji safi kwanza kuondoa tope, halafu toa maji yote. Petroli iliyobaki tia kwenye pikipiki ikiwa bado mpya na haina oili, na kidumu kisikae chumba cha kulala wala karibu na jiko.